Udongo Chini ya Gurudumu

Koti la marehemu lilikuwa limekunjwa vizuri mno.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta Cheptanui tangu Jumatano, siku mwili wa Maxwel Wasike ulipotolewa majini chini ya daraja, na sasa ilikuwa Jumamosi ya Pasaka na bado lilikuwa linamkera. Koti lilikutwa ukingoni mwa Mto Njoro, juu ya jiwe, mikono imeingizwa ndani kama nguo mpya ya dukani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Koti lilikuwa kavu.

Wasike alikuwa fundi wa gurudumu katika Bembea Paki, bustani ya michezo iliyo kando ya mto, kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Gurudumu lenyewe lilionekana tangu barabarani: duara la chuma lenye viti vya rangi, refu kuliko mikaratusi iliyolizunguka, lile ambalo kila mtoto wa Nakuru amewahi kumlilia mzazi wake apandishwe. Ripoti ya kwanza ilisema Wasike alikwenda kuoga baada ya kazi, mto ukiwa umefura, maji yakamchukua. Mkubwa wa kituo alitaka faili ifungwe hivyo hivyo. Daktari wa kupasua maiti alikuwa amekwenda kwao kwa sikukuu. Lakini bustani, iliyokuwa imefungwa msimu mzima kwa matengenezo, ingefunguliwa leo saa nane mchana, na tayari mabasi ya watoto wa shule ya Jumapili yalikuwa yanaegeshwa nje ya lango.

"Koti si ushahidi, afande," alisema Konstebo Ndung'u. Walikuwa wamekaa ndani ya Landkruza, wakiwatazama watoto wakishuka na kofia zao za karatasi. "Ukienda kwa hakimu na koti kavu, atakuuliza kama lilipigwa pasi pia."

Cheptanui alimkumbusha habari ya kucha. Aliuona mwili mochari mwenyewe. Kifua kilikuwa kimebonyea upande mmoja, na chini ya kucha kulikuwa na grisi nyeusi ambayo mto mzima ulishindwa kuitoa.

"Fundi gani hana grisi kwenye kucha?"

"Fundi aliyekwenda kuoga," Cheptanui alijibu. "Mtu wa grisi akifika kwa maji, anaanza na mikono."

Siku mbili walikuwa wamezipoteza kwa wachimba mchanga, ambao walikuwa wamegombana na Wasike juu ya ukingo wa mto na hata kumtupia maneno ya kutisha mbele za watu. Ilibainika kwamba kundi lote lilikuwa Naivasha wiki hiyo, likipakia mchanga kwenye shamba moja la maua, na askari wa lango la shamba hilo aliwakumbuka kwa majina na kwa matusi yao. Njia hiyo ilikufa hapo.

Sasa lilibaki swali moja tu. Kama Wasike alifia mtoni, Cheptanui hakuwa na la kufanya. Kama alifia kwenye gurudumu, basi lile duara la chuma lilikuwa limemuua mtu wiki hii hii, likafunikwa kwa rangi, na baada ya chakula cha mchana watoto wale wenye kofia za karatasi wangelipanda. Alihitaji kujua mtu huyu alifia wapi. Na alihitaji kujua kabla ya lango kufunguliwa.

*

Mwenye bustani, Mama Rahab Wangeci, aliwapokea kwenye veranda ya nyumba kuukuu ya mzungu, akawawekea chai na mkate wa siagi, kisha akaomba. Aliiombea roho ya marehemu, akawaombea polisi hekima, akaiombea siku iwe na jua. Mwanawe Jerry, aliyesimamia mitambo yote, alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Hakufumba macho hata mara moja katika sala ile. Cheptanui aliliona hilo kwa sababu yeye pia hakufumba.

Hakuanza na Wasike. Aliuliza habari za bustani, na Mama Rahab akafurahi, akasogeza kiti.

Shamba hili lilikuwa la mzungu wa ngano, alisema. Yeye ndiye aliyeziba mto kwa mawe akapata bwawa la kuendeshea mashua Jumapili na wageni wake. Alipoondoka, baba yake Mama Rahab na wenzake walichanga wakanunua, wakagawana, na sehemu ya mtoni ikamwangukia baba kwa sababu hakuna aliyeitaka; ilikuwa mawe matupu na mbu. Watu walimcheka. Kisha kampuni moja ya maonyesho ilifilisika pale Nakuru ikaacha gurudumu lake limelala kwenye nyasi, na baba akalileta kwa trekta, kipande kwa kipande, akalisimamisha kando ya maji.

Tangu hapo Krismasi na Pasaka za Nakuru zilikuwa hapa. Watoto wa wafanyakazi wa reli walikuja wamesimama kwenye malori, wakiwa wamepakwa mafuta mpaka magotini. Soda zilipozwa mtoni ndani ya kreti. Mpiga picha alikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, ukikaa mbele yake unaonekana umesafiri. Halafu ukaja ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, na waliofukuzwa makwao wakalala ndani ya banda la mashua. Wengine walikaa mpaka watoto wao wakaanza shule. Bustani ikafa, ikafufuka. Siku hizi wanafunzi wa chuo cha Njoro huja kujipiga picha tu, hawanunui hata maji.

"Na mto wenyewe?" Cheptanui aliuliza.

Mama Rahab aliangalia chini kwenye bonde, ambako maji ya rangi ya chai yalikuwa yakipita kwa kelele juu ya mawe ya yule mzungu.

"Mto huu una tabia yake, mwanangu. Unachukua. Wakati wa baba ulimchukua Otiato. Tulipofungua tena baada ya zile vurugu, ulimchukua Simiyu. Sasa Wasike. Unakaa, unakaa, unachukua."

"Na wageni? Watoto wanaocheza kwa maji?"

Hakuna hata mmoja, kwa neema ya Mungu. Cheptanui aliuliza kama watoto hao walikuwa na mtu wa kuwalinda. Mama Rahab alikiri kwamba hapana, miaka yote hiyo walijirusha tu majini kama vyura.

"Huyu Otiato alikuwa anafanya kazi gani?"

"Aliendesha gurudumu."

"Na Simiyu?"

Jerry aliwahi kujibu kabla ya mama yake. Simiyu alikuwa kibarua tu, alisema, wa kutumwa hapa na pale. Cheptanui hakumwangalia. Alimngoja mama, na mama, ambaye alikuwa mzee sana kubadilisha jibu haraka, alisema kwamba ndiyo, alitumwa hapa na pale, ila hasa kwenye gurudumu.

Kikombe cha Ndung'u kilisimama njiani.

"Kwa hivyo mto huu hautaki wageni, mama," alisema Cheptanui. "Hata watoto wasiojua kuogelea hautaki. Unataka watu wa gurudumu peke yao."

Upepo ulipita. Kule chini chuma kikalia, sauti ndefu na nyembamba kama ya mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Mama Rahab aliichukua sahani ya mkate akamsogezea mgeni.

"Baba alikuwa anasema hivi," alisema kwa upole. "Watu wakiogopa mto, watakuja kuutazama. Wakiogopa gurudumu, hawatakuja kabisa. Kula, mwanangu. Umekonda."

*

Rangi ya gurudumu ilikuwa mbichi, ya njano, na harufu yake ilikaa kooni. Jerry aliwaonyesha injini, cheni, na mkono mrefu wa breki uliopandwa kando ya jukwaa. Alijibu kila swali haraka, kwa sentensi fupi. Ndiyo, Wasike alifanya kazi Jumanne. Ndiyo, aliondoka salama, jioni, akielekea mtoni na taulo. Hapana, hakuna aliyemwona tena.

"Taulo iko wapi?"

"Ilienda na maji."

"Koti ikabaki."

Jerry aliinua mabega.

Cheptanui alizunguka jukwaa polepole. Ardhi ya hapo ilikuwa ya moramu, udongo mwekundu wa kokoto, iliyoshindiliwa na miguu ya miaka mingi, ngumu kama sakafu, na mtu alikuwa ameifagia. Upande wa nyuma, chini ya ekseli kabisa, kulikuwa na shimo. Lilikuwa dogo, kiasi cha bakuli la uji, na kingo zake zilionyesha alama za vidole.

Jerry alisema ni mbwa.

Cheptanui alichuchumaa. Mbwa akichimba huurusha udongo nyuma yake. Hapa hapakuwa na chembe iliyotupwa. Udongo uliotoka kwenye shimo hili ulikuwa umebebwa ukaondoka.

Akajua amewahi kuona shimo kama hili. Aliona mengi. Alipoanza kazi aliwekwa kwenye kikosi cha barabarani pale Salgaa, kwenye ule mteremko ambao malori hushindwa kufunga breki, na baada ya kila ajali, siku ya pili au ya tatu, zilikuja familia. Watu wa Bungoma, wa Busia, wa Siaya. Walimtafuta askari aliyekuwepo wakamwomba kitu kimoja: awaonyeshe mahali penyewe. Hawakutaka karibu na hapo, wala upande ule wa barabara. Mahali penyewe mtu alipokatia roho. Kisha mmoja wao aliinama, akamwita marehemu kwa jina, akamwambia twende nyumbani, akachota udongo kwa mkono akaufunga kwenye kitambaa. Mama mmoja alimweleza: ukimwita mahali pasipo pake, hasikii. Mnarudi na udongo mtupu, na yeye anabaki amesimama hapo peke yake akiwangoja.

Leo asubuhi akina Wasike walikuwa wamefanya hivyo hivyo kule mtoni. Cheptanui alisimama mbali kwa heshima. Mjomba aliita, shangazi wakaita, udongo ukachotwa karibu na lile jiwe la koti. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuita. Dada wa marehemu, Nerima, mkata tiketi wa bustani hii, alikuwa amesimama nyuma ya wote, ameupa mto mgongo.

"Mbwa," Cheptanui alikubali, akainuka akajipangusa magoti. "Hawa mbwa wanasumbua sana."

*

Kibanda cha tiketi kilikuwa na dirisha moja dogo na joto la tanuri. Nerima alikuwa akipanga bahasha za chenji, na alipomwona Cheptanui amefunga mlango nyuma yake, alizipangua akaanza kuzipanga upya.

Alisema aliyokuwa amesema Jumatano, neno kwa neno. Kaka yake aliondoka jioni na taulo. Hakusikia kitu. Hakuona kitu. Mto ulikuwa umejaa. Alisema hayo akiangalia ukutani, na mkono wake wa kushoto haukutoka kiunoni, mahali alipojifunga leso. Pembe moja ya leso ilikuwa na fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na kitu kizito kinachovuta kitambaa chini.

Cheptanui aliliona fundo. Nerima aliona kwamba limeonekana.

"Sitakuambia ufungue," alisema Cheptanui. "Hiyo ni yenu. Lakini familia yako imemwita kwa mto leo, na wewe ukanyamaza. Kwa sababu ulijua hayuko huko. Ulikuwa umeshamchukua."

Bahasha moja ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Singeweza kumwacha pale," Nerima alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Wangekanyaga juu yake. Wote hao watoto, na yeye hapo chini anaangalia."

Cheptanui alimwomba aseme ni nini kilitokea. Nerima alitikisa kichwa. Alisema ana mtoto mdogo, na wanalala kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya banda la mashua, na mlango wao hauna hata kitasa. Usiku wa Alhamisi mtu alikuja akasimama nje ya mlango huo. Hakugonga. Alisema maneno mawili tu kupitia mwanya wa mbao, kisha akaenda zake.

"Maneno gani?"

"Mto haujashiba."

Dirisha likatiwa giza. Jerry alikuwa ameegemeza viwiko vyake hapo, anatabasamu, ananusa hewa ya ndani kama mtu aliyesikia harufu ya chakula. Alisema mama anamwita inspekta. Na kwamba Nerima aharakishe, watu wamejaa langoni.

Nerima aliinama akaanza kuokota bahasha. Hakuinua tena uso wake. Cheptanui alijua kwamba neno lolote atakaloongeza hapo, atakayelilipia ni huyu msichana.

*

Mama Rahab alikuwa amekuja mpaka kwenye jukwaa na mwavuli wake wa jua. Alisema amefikiria. Anaona inspekta ana wasiwasi na gurudumu, na yeye hataki mtu yeyote aondoke hapa na wasiwasi.

"Panda mwenyewe. Zunguka mara moja. Ukiona shida, mimi mwenyewe nitaenda kuwaambia hao watoto warudi nyumbani."

Ndung'u alimvuta Cheptanui kando. Alimwambia kwamba yeye hata ngazi ya nyumba yao mtaani Free Area huipanda akiwa anaomba, na kwamba hapa kuna watu ambao hakuna anayewajua vizuri. Cheptanui alikuwa ameshayafikiria hayo. Ila kutoka chini ekseli haikuonekana. Ilifichwa na sahani ya bati iliyopakwa rangi. Kutoka kwenye kiti kinachopanda ingeonekana. Hakuwa na njia nyingine na jua lilikuwa limeshapita utosi.

Alikaa kwenye kiti chekundu. Jerry alimshushia chuma cha kumzuia, akakigonga mara moja kwa kiganja. Injini ikakohoa, ikashika. Ardhi ikaondoka.

Mama Rahab alimgeukia Ndung'u akamwomba, tafadhali kijana, asaidie pale langoni kabla watoto hawajakanyagana. Ndung'u alimtazama mkubwa wake aliyekuwa anapanda. Cheptanui aliitikia kwa kichwa. Alijuta mara tu alipofanya hivyo, lakini kiti kilikuwa kimeshapita matawi ya chini.

Kiti kilipofika usawa wa katikati, aliitoa simu akaivuta picha karibu. Chini ya rangi ya njano, ekseli ilikuwa na mstari wa kuchomelea, mpya, umepinda kama kovu la mshono mbaya. Na pale meno ya gia kubwa yanapoingiana, palikuwa na kitambaa. Aliyepaka rangi alikipaka juu. Upande wa chini brashi haikufika, na huko kilikuwa bado cha bluu, bluu ya ovaroli. Kilikuwa kimesagwa kikawa chembamba kama utambi.

Alipiga picha. Akapiga nyingine. Kiti kikaendelea kupanda mpaka juu kabisa, ambako Ziwa Nakuru lilionekana lote limelala chini ya jua, na hapo kikasimama.

Injini ilizima.

Mwanzo alingoja. Upepo wa juu ulikuwa na nguvu kuliko wa chini. Ulikishika kiti ukakiinamisha mbele, ukakirudisha. Aliangalia kati ya viatu vyake. Jerry alikuwa amesimama kando ya breki, uso umeelekea juu, mkono mmoja kwenye paji kuzuia jua.

"Madam," aliita, bila kupaza sauti sana. "Umeona ulichotaka?"

Kisha breki ikaachiliwa. Gurudumu lilianguka kiasi cha urefu wa mtu, likakamatwa ghafla. Kiti kilijirusha, na kile chuma cha kumzuia kikafunguka kikagonga pembeni. Hakikuwa na pini. Cheptanui alikishika kiti kwa mikono miwili, mgongo wake umebana nyuma, simu ikiwa katikati ya magoti. Alisikia sauti ya kitu kidogo cha chuma kikipiga mihimili, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini. Kumbe ilikuwa nati.

Hakupiga kelele. Aliachilia mkono mmoja, akampigia Ndung'u, akamwambia maneno machache tu.

Aliona kofia ya Ndung'u ikiuacha umati wa langoni na kuja mbio katikati ya bembea ndogo. Alipofika, mkono ulikuwa kwenye bastola. Cheptanui alisikia mazungumzo yao yakipanda kwa vipande.

"Mshushe."

"Imekwama, boss. Hizi ni mashine za zamani."

"Nimesema mshushe."

"Ni mimi peke yangu najua kuiendesha. Ukinipiga risasi, nani atamtoa huko? Wewe?"

Mama Rahab alikuwa amefunga mwavuli wake. Alikuwa ameuelekeza mtoni, akimweleza Ndung'u kwa sauti ya utulivu kwamba mambo haya hutokea, na kwamba kijana apunguze hasira.

Mlango wa kibanda cha tiketi ulifunguliwa.

Nerima alitembea kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Mama Rahab alimwita, Nerima, mwanangu, rudi kazini. Aliendelea kutembea. Jerry alimwona, na lile tabasamu likabaki usoni pake bila kazi.

"Haijakwama," Nerima alimwambia Ndung'u. "Ameshika breki."

Jerry alisogea mbele. Ndung'u akaingia katikati yao, na sasa bastola ilikuwa nje. Nerima aliushika ule mkono mrefu wa breki kwa mikono yote miwili, akauegemea kwa uzito wa mwili wake, akaulegeza kidogo, akaukaza, akaulegeza. Hakugusa injini. Aliuacha uzito wa mtu mmoja aliye juu ulivute gurudumu lenyewe, kama alivyofundishwa na kaka yake siku ambazo injini ilizima na watu wakabaki juu wanalia. Kiti chekundu kilianza kushuka. Kilipita kwenye ekseli, na ule mstari wa kuchomelea ukatoa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Cheptanui alishuka jukwaani. Aliitia simu mfukoni. Alimwambia Nerima kwamba hawahitaji kuzungumza hapa. Wataenda kituoni, mtoto atachukuliwa sasa hivi, hakuna mtu atakayewagusa.

"Nitasemea hapa," alisema Nerima. "Ni hapa."

Alisema kwamba Jumanne kaka yake aligundua ufa kwenye ekseli. Aliwaambia hatalifungua gurudumu Pasaka hii, na kama watalifungua bila yeye, Jumatano asubuhi atakwenda kwa wakaguzi wa kaunti. Jerry akamjibu vizuri. Akamwambia sawa, tutalichomelea, panda utuonyeshe ufa uko wapi. Wasike akapanda kwa miguu, akashikilia mihimili, mpaka kwenye gia.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa nilipo. Jerry akaja kwa injini. Nikamwambia ngoja, usiwashe, Wasike yuko juu."

Cheptanui alikuwa ameshaiandika kesi hii kichwani: uzembe, mtu kuwasha mtambo bila kuangalia, kisha woga, kisha mto. Ilikuwa kesi ya aibu na ya kufunika. Alikuwa karibu kuuliza swali la mwisho ili tu kesi imalizike.

"Alikusikia?"

Nerima alimtazama Jerry usoni, mara ya kwanza siku hiyo.

"Alinisikia. Aliniangalia, akasema, 'Najua.' Halafu akawasha."

Kule langoni watoto walikuwa wameanza kuimba, wakipiga makofi bila mpangilio. Mama Rahab aligeuka polepole. Mwavuli ulimtoka mkononi. Hakumtazama inspekta, wala msichana.

"Jerry," alisema. "Uliniambia hukumwona yuko juu."

Jerry alikuwa anaangalia maji.

Cheptanui alimwagiza Ndung'u amfunge pingu, kisha aende akawaambie madereva wayageuze mabasi.